Great Ocean Road kwa siku moja na mwongozaji: yaulize haya kabla hujalipa

Mtembezi

Wakuu, salaam.

Wapo wengi humu wanaofika Melbourne kwa masomo, kikazi au kutembelea ndugu, na hawamalizi wiki kabla hawajaambiwa waende Great Ocean Road. Wakitafuta mtandaoni wanakuta msururu wa safari za siku moja, zote na picha ileile ya nguzo za mawe zilizosimama baharini. Wanachagua ya bei nafuu, wanalipa, wanakwenda. Jioni ukiwauliza wanakwambia waliona mawe na walilala sana kwenye basi. Inaniuma, kwa sababu barabara ile naipenda, na najua siku moja inatosha kuifaidi kama ratiba imepangwa na mtu anayeijua.

Tuanze na jiografia, maana bila hiyo huwezi kuisoma ratiba yoyote. Barabara inaanzia Torquay, kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Melbourne, na kuishia Allansford karibu na Warrnambool. Urefu wake ni kilomita 243 hivi. Safari za siku moja haziimalizi. Zinafika Port Campbell au jirani na hapo, kisha zinarudi Melbourne kwa njia ya ndani kupitia Colac. Mzunguko mzima unakaribia kilomita 500. Ndiyo maana unachukuliwa saa moja asubuhi na kurudishwa usiku, na ndiyo maana tangazo lenye vituo kumi na tano lisikufurahishe. Ukitoa muda wa kuendesha na wa kula, kila kituo kinabakiwa na dakika za kupiga picha na kukimbilia choo.

Kitu cha kwanza ninachouliza ni wanaanzia upande gani. Safari nyingi zinaanza na pwani: Torquay, Anglesea, Lorne, Apollo Bay, halafu msitu wa Otway, na nguzo za Twelve Apostles zinakuja mwisho, alasiri. Ni mpangilio mzuri wakati wa kiangazi, kwa sababu Desemba na Januari jua la huko linazama baada ya saa mbili na nusu usiku, na ufuko ule unatazama kusini-magharibi, kwa hiyo mwanga wa jioni unazipiga nguzo vizuri sana. Lakini Juni jua linazama saa kumi na moja na dakika chache. Basi likikawia kidogo Lorne kwa chakula cha mchana, mnafika kwenye nguzo giza linaingia. Kwa miezi ya baridi tafuta safari inayoanza kinyume, yaani inapita njia ya ndani kwanza, inafika kwenye nguzo kabla ya adhuhuri au muda mfupi baadaye, kisha inarudi taratibu kwa pwani. Faida nyingine ni kwamba mnapishana na umati badala ya kuandamana nao.

Mpangilio unaamua pia kiti. Australia wanaendesha kushoto kama sisi. Ukitoka Torquay kuelekea magharibi, bahari iko kushoto kwako na gari lenu ndilo liko upande wa maji. Ukirudi kinyume, bahari iko kulia na kati yenu na maji kuna njia ya wanaokuja. Chagua dirisha kwa hesabu hiyo.

Kitu cha pili: dakika ngapi Twelve Apostles, na dakika ngapi Loch Ard Gorge, lile korongo la pwani. Wakikujibu kwa jumla, "muda wa kutosha", endelea kutafuta. Loch Ard peke yake inataka saa nzima kwa mtu anayetaka kushuka hadi mchangani na kutembea juu ya miamba, na ni kilomita chache tu kutoka kwenye nguzo maarufu. Safari za haraka zinaipa dakika 20. Ningekuwa na uwezo ningefuta vituo vitatu vya asubuhi ili Loch Ard ipate haki yake.

La tatu ni nani anazungumza. Basi dogo la watu ishirini na kitu, dereva ndiye mwongozaji, anajua kila kona na hadithi yake: hiyo ndiyo safari. Barabara ile ina simulizi nzito, na bila msimulizi unaona lami na maji tu.

Karibuni mchangie, hasa waliokwenda miezi ya karibuni.

Kaskazi

Mkuu Mtembezi, nakuheshimu, ila mimi siamini kabisa katika safari ya siku moja kule. Kodini gari watu wanne, laleni Apollo Bay au Port Campbell, mwone nguzo jioni na alfajiri bila basi hata moja. Kuendesha kushoto tumezoea toka nyumbani. Barabara imechorwa mishale kwenye lami kuwakumbusha wageni wanaotoka nchi za kulia; sisi hatuna tatizo hilo. Unasimama unapotaka na unaondoka unapotaka.

Mtembezi

Kaka Kaskazi, mwenye siku mbili na mwenza wa kupokezana usukani, afanye hivyo, sina ubishi. Ila watu wengi ninaowajua wana Jumamosi moja tu. Mtu mmoja anashika usukani kilomita 500 kwa siku, na nusu ya njia ni kona zisizoisha juu ya maji. Huyo dereva haoni kitu, anatazama mstari mweupe. Halafu arudi usiku kwa njia ya mashambani, kangaruu wanavuka giza likiingia, na mwili umechoka. Kwa siku moja, mwachie usukani anayeufanya kuwa kazi yake. Kwa siku mbili, nakubaliana nawe moja kwa moja.

Fundi Mawe

Naomba niongezee kuhusu zile nguzo, maana waongozaji wengi wanalipitia jambo hili kwa sentensi moja, na mimi naona ndilo linalokufanya usimame pale kwa adabu.

Jiwe lile ni chokaa, na ni laini. Lilijengeka chini ya bahari zama za Miocene, mamilioni ya miaka iliyopita, kutokana na mabaki ya viumbe vya baharini yaliyotulia tabaka juu ya tabaka. Baadaye sakafu ile ikawa nchi kavu. Ukiangalia ukuta wa jabali utaona mistari ya ulalo, mingine ya njano iliyoiva, mingine ya kijivu. Kila mstari ulikuwa sakafu ya bahari kwa wakati wake.

Sasa, kuelekea kusini kutoka pale hakuna nchi ya kuvunja nguvu ya maji mpaka Antaktika. Mawimbi ya Bahari ya Kusini yanasafiri masafa hayo yote yakikusanya uzito, na yanatua kwenye jiwe laini. Yanatafuta ufa. Ufa unakuwa pango. Kwenye rasi nyembamba, mapango ya pande mbili yakikutana linatokea tao. Tao likikatika mgongoni, kipande cha mbele kinabaki peke yake majini, ndiyo nguzo. Nguzo nayo inaliwa miguuni, karibu sentimita mbili kwa mwaka, hadi siku inashindwa kujibeba.

Haya yanatokea mbele ya macho ya watu. Tarehe 15 Januari 1990, tao la London Bridge, magharibi kidogo ya Port Campbell, lilikatika na kuwaacha watalii wawili upande wa mbele, wamezungukwa na maji. Hawakuumia, helikopta ya polisi iliwatoa. Tangu hapo pakaitwa London Arch. Tarehe 3 Julai 2005 nguzo moja ya Twelve Apostles, yenye urefu wa kama mita 50, iliporomoka ikawa lundo la kifusi katika muda mfupi mno. Mwaka 2009 tao la Island Archway pale Loch Ard nalo likaanguka, zikabaki nguzo mbili. Kwa hiyo usitarajie kuhesabu kumi na mbili. Hazikuwahi kufika idadi hiyo hata kabla ya 2005. Jina lilitolewa kwa ajili ya kuvutia wageni, na kabla yake wenyeji wa kizungu waliziita kwa jina la nguruwe jike na wanawe.

Ukiwa pale, tafuta kwenye ukuta wa bara sehemu zenye pango changa au rasi inayoanza kupungua kiuno. Hapo ndipo nguzo za baadaye zinapotengenezwa. Mwongozaji mzuri atakuonyesha kwa kidole. Na kwa sababu hiyohiyo usivuke uzio, hata kama picha ni nzuri kiasi gani. Ukingo unaweza kuwa mtupu chini na wewe uko juu hujui.

Sururu

Asante Fundi. Mimi nataka kuwazungumzia watu, maana mawe yamepata msemaji.

Barabara hii ni kumbukumbu ya waliokufa vitani. Kazi ilianza mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imekwisha, askari wamerudi jimbo la Victoria hawana ajira na wenzao wengi hawakurudi kabisa. Wazo likawa kuwapa kazi waliorudi na kuwakumbuka waliokufa kwa kitu kimoja: barabara ya pwani, ambapo miji kama Lorne ilikuwa haifikiki vizuri isipokuwa kwa bahari au kwa vijia vibaya vya msituni. Askari wapatao 3,000 walipita katika kazi ile. Vifaa vyao vilikuwa sururu, chepe, toroli na baruti. Waliukata mlima kwa mikono juu ya mawimbi, wakaishi kwenye mahema kandokando, na wapo waliopoteza maisha kazini baada ya kuponea vitani. Malipo yalikuwa shilingi kumi na peni sita za Kiingereza kwa siku ya saa nane. Kambini walikuwa na piano na gramafoni za kupitishia jioni.

Aliyelisukuma jambo hili kuliko wote ni Howard Hitchcock, aliyewahi kuwa meya wa Geelong. Alichangisha, aliomba, alitoa na za kwake. Barabara ilifunguliwa rasmi Novemba 1932. Yeye alifariki Agosti mwaka huohuo kwa maradhi ya moyo. Siku ya ufunguzi gari lake lilipitishwa katika msafara nyuma ya gari la gavana, yeye hayumo. Nikipita pale huwa nalifikiria lile gari.

Mwanzoni watumiaji walilipa ushuru ili kurudisha gharama. Ushuru ulifutwa mwaka 1936 barabara ilipokabidhiwa serikali.

Kwa hiyo mkisimama pale Eastern View kwenye tao la mbao lililoandikwa jina la barabara, msipige picha mkaondoka. Tao lililolitangulia liliungua katika moto wa msitu wa Ash Wednesday mwaka 1983, lililopo sasa ni la baadaye. Pembeni kuna sanamu ya wafanyakazi wawili, iliwekwa 2007 kwa miaka 75 ya barabara. Mwombe mwongozaji azime injini na asimulie pale, nje, upepo ukivuma. Kama ana haraka ya kuwahi chakula, mwulize wewe kwa sauti ili wengine wasikie.

Nikiongeza moja: nchi ile ilikuwa na wenyewe kabla ya barabara yoyote. Wadawurrung upande wa Torquay na Anglesea, Gadubanud upande wa Otway na wengine magharibi zaidi, ambao leo wamo katika watu wa Eastern Maar. Kuna marundo ya makombe ya kale pwani pale yanayoonyesha vizazi na vizazi vya watu waliokula kutoka bahari ileile. Baadhi ya waongozaji wanaanza siku kwa kuwataja. Naona ni haki, na ni dalili kwamba umepata mtu makini.

Mama wa Wawili

Habari zenu. Uzi mzuri, nashukuru. Naomba ushauri wa dhati. Mama mkwe anakuja kututembelea mwezi wa saba, ana umri wa miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Nina watoto wawili, mmoja anatapika kwenye gari hata safari fupi. Mume wangu anasisitiza twende, kwamba mama hawezi kuja mpaka huku akarudi bila kuiona hiyo barabara. Mimi naogopa siku nzima ya kona. Je, tunaweza? Na baridi ya Julai ikoje pwani?

Mtembezi

Dada, mfikishie mama shikamoo zetu. Mnaweza, kwa masharti.

Kona ziko za aina mbili. Kutoka Anglesea hadi Apollo Bay barabara inashikilia ukingo wa bahari. Kona ni nyingi lakini macho yana upeo wa kutazama, na hilo linasaidia sana tumbo. Baada ya Apollo Bay watu wengi hushangaa: barabara inaiacha bahari, inapanda milima ya Otway kupitia Lavers Hill, miti pande zote, na hurudi kwenye maji karibu na Princetown. Sehemu hiyo ndiyo inayowaangusha wenye matumbo mepesi. Mtoto akae mbele kadiri inavyoruhusiwa, asiangalie simu wala kitabu, apewe chakula kikavu kidogo kidogo, na dawa ya kichefuchefu mnunue duka la dawa mjini siku moja kabla mkimweleza mfamasia umri wake. Ukisubiri aanze kulalamika, dawa haina kazi tena.

Kwa mama: kwenye Twelve Apostles njia kutoka maegesho hadi jukwaa la kutazamia ni nzuri na inapita chini ya barabara kuu, haina ngazi za kutisha. Gibson Steps aziache. Ni ngazi 86 za kushuka ufukweni na ni zilezile 86 za kurudi, na mara nyingine hufungwa bahari ikichafuka au mawe yakianguka. Loch Ard ataiona kwa juu, na kwa juu tu inatosha kumgusa. Msitu wa Mait's Rest una njia iliyotandikwa mbao sehemu kubwa, ila unyevu wa Julai unaifanya iteleze; mshikeni mkono.

Baridi ya Julai si ya kipimajoto. Ni upepo. Unapenya sweta. Jaketi la kuzuia upepo na mvua, kofia inayofunika masikio, soksi za akiba kwa watoto. Mwavuli acheni nyumbani, utageuzwa mara moja.

Na kwa familia yenu, safari ya kinyume ndiyo. Otway na nguzo mnazimaliza wakati watoto bado wana nguvu, jioni wanasinzia kwenye barabara ya pwani.

Kipepeo

Mimi nilikwenda na safari ya watu wengi, basi kubwa kabisa. Mwongozaji alisoma karatasi dakika kumi za mwanzo, kisha akaweka muziki mpaka Apollo Bay. Nilipouliza kuhusu meli zilizozama aliniambia kuna ubao wa maelezo mtaona. Lakini kijiji cha Kennett River kilinifurahisha. Koala wapo kweli, kwenye mikaratusi ya kando ya barabara, wamelala tu kwenye panda za matawi. Kuna mtu alikuwa anautikisa mti ili aamke, nilikasirika.

Swali: ni kawaida kuwaona, au nilibahatika?

Mtembezi

Kennett River wanaonekana mara nyingi, ila hakuna wa kukuahidi. Koala hulala hadi saa 20 kwa siku kwa sababu majani ya mkaratusi yana lishe duni na sumu ya kushughulikiwa na ini, hivyo anabana nguvu. Anayemsumbua ili apate picha anamgharimu mnyama nguvu asiyoweza kuirudisha kirahisi. Tazameni juu taratibu, kwenye maungio ya matawi, mkitafuta kitu kama furushi la kijivu. Na kasuku wa rangi msiwalishe, hata mkikuta wengine wanafanya hivyo.

Hiyo ya muziki ndiyo ninayoisema kila siku. Kabla ya kulipa, soma maoni ya wateja, tafuta yanayomtaja mwongozaji kwa jina na kueleza alichosimulia. Maoni yanayosifia viti na intaneti ya ndani ya basi hayakusaidii kitu.

Nahodha wa Kusi

Kipepeo, hukupata hadithi ya Loch Ard, ngoja nikupe mimi.

Meli ya matanga iitwayo Loch Ard iliondoka Uingereza mapema Machi 1878 ikienda Melbourne, ikiwa na watu 54. Baada ya karibu miezi mitatu baharini, usiku wa kuamkia Juni 1 walikuwa wanatarajia kuiona taa ya Cape Otway. Ukungu ulikuwa mzito. Ulipopungua, walijikuta wako karibu mno na majabali, mawimbi yanapasuka mbele yao. Nahodha alijaribu kutia nanga na kugeuza tanga; haikusaidia. Meli iligonga mwamba wa kisiwa cha Mutton Bird na ikazama kwa muda mfupi.

Waliookoka ni wawili. Tom Pearce, kijana mwanafunzi wa ubaharia, alijishikiza kwenye boti iliyopinduka mpaka maji yakamsukumia kwenye lile korongo. Akiwa ufukweni, amechoka na kuumia, akasikia kilio cha mwanamke majini. Akarudi kwenye maji. Alikuwa ni Eva Carmichael, msichana aliyekuwa anahama Ireland na familia yake, ameshikilia kipande cha mlingoti kwa saa nyingi na hajui kuogelea vya kutosha. Alimvuta hadi pango la kando ya ufuko, kisha akapanda ukuta wa korongo kutafuta msaada, akakutana na watu wa shamba la mifugo la Glenample. Wazazi wa Eva na ndugu zake waliokuwa ndani ya meli wote walikufa. Magazeti ya koloni yaliomba wawili hao waoane. Eva alirudi Ireland. Zile nguzo mbili zilizobaki baada ya tao kuanguka mwaka 2009 zimepewa majina yao, Tom na Eva.

Juu ya korongo kuna makaburi machache ya waliopatikana. Mtu akishuka mchangani kwanza, akaona jinsi mdomo wa korongo ulivyo mwembamba na maji yanavyoingia kwa nguvu, kisha akapanda kwenda makaburini, ataelewa kwa nini Mtembezi anataka saa nzima.

Na taa yenyewe ya Cape Otway, ile ambayo Loch Ard haikuiona, iliwashwa 1848. Ndiyo mnara wa taa wa zamani zaidi uliobaki Australia bara. Serikali iliharakishwa na msiba wa meli Cataraqui iliyopasuka kisiwa cha King mwaka 1845, watu kama 400 wakafa. Mlango wa bahari kati ya Cape Otway na kisiwa kile ni mwembamba kwa meli inayotoka magharibi bila vipimo vya leo; manahodha waliufananisha na kutunga uzi kwenye sindano. Taa ilizimwa 1994. Safari nyingi za siku moja haziingii kule kwa sababu kuna mchepuko wa kilomita kadhaa, na kwa kweli hapo sizilaumu. Ukitaka mnara, fuata ushauri wa Kaskazi, lala njiani.

Kaskazi

Nahodha umenipa ushindi bila kutarajia. Haya, kwa wenye siku moja nakubali basi dogo. Lakini jamani, mnatajia watu hali ya barabara? Mwaka 2015 siku ya Krismasi moto wa msitu uliteketeza nyumba 116 kwenye vijiji vya Wye River na Separation Creek. Mwaka uliofuata mvua zikaleta maporomoko kwenye milima iliyokuwa imeungua, barabara ikafungwa. Ile njia imechongwa kwenye mteremko, udongo ukilowa unashuka.

Mtembezi

Umefanya vyema kulileta. Kiangazi, siku za hatari kubwa kabisa ya moto, hifadhi za Victoria hufungwa, na safari inaweza kubadilishwa au kufutwa asubuhi yake. Miezi ya mvua na ya baridi, hatari ni maporomoko. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla, na uulize: barabara ya pwani ikifungwa katikati, mnafanya nini? Aliye makini atakwambia mara moja ni njia ipi ya ndani anaitumia na ni vituo vipi vinabaki. Asiye na jibu, atawageuza mrudi mjini.

Simu pia. Otway mtandao unakatika kwa muda mrefu, kwa hiyo aliyeachwa nyumbani aambiwe mapema asishtuke.

Mama wa Wawili

Nimepiga simu sehemu tatu leo nikiwa na maswali yenu. Ya kwanza hawakujua hata wanakaa dakika ngapi Loch Ard. Ya pili wanaanza na pwani, wanafika kwenye nguzo saa kumi alasiri, Julai hiyo hiyo. Ya tatu ni basi dogo, wanaanza njia ya ndani, Loch Ard dakika 50, na aliyepokea simu ndiye anayeongoza mwenyewe. Nilimweleza kuhusu magoti ya mama akaniambia atamwekea kiti cha mbele, na kwamba kuna sehemu ya kusimama karibu na Cape Patton ambako mama ataiona pwani yote bila kushuka hatua nyingi. Bei iko juu kidogo kuliko zile mbili.

Nimelipa. Kuna la kuongeza?

Sururu

Mwulize kama mnasimama Eastern View kwenda kuona tao. Ukianza kinyume, linakuja mwishoni kabisa na baadhi huliruka giza likiwa limeingia. Aliweke kwenye ratiba kwa maandishi.

Fundi Mawe

Na kiti. Mnarudi na bahari upande wa kulia, kwa hiyo mtoto anayetapika na bibi yake wakae kulia kuanzia Apollo Bay, hata kama asubuhi walikaa kushoto. Mwombe dereva awabadilishie mkiwa kwenye chakula cha mchana, kabla abiria wengine hawajarudi garini.